Uso Wangu Kwenye Simu za Watu

Niliitambua kola kabla sijautambua uso. Ilikuwa kola ya mviringo ya kitambaa cheusi, yenye ukingo mweupe nilioushona kwa mkono kwa sababu siku ile mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika. Hakuna fundi mwingine Matinyani anayemalizia kola namna hiyo. Nikavaa miwani, nikaisogeza simu karibu, na hapo nikamwona mwanamke aliyeivaa: mdomo wazi hadi magego yanaonekana, macho yamefumbwa, kilemba kimeteleza kisogoni. Chini yake kulikuwa na maneno kwa herufi za manjano: "Nimeisha mimi."

Mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, nami nilikuwa kibandani kwangu sokoni nikikata sare za shule. Kiongozi wa kwaya yetu alikuwa ameandika kwenye grupu kwamba mazoezi ya Alhamisi yameahirishwa. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza, mwanamke ninayeketi naye benchi moja kila Jumapili, akajibu kwa stika hiyo. Wenzake wakamimina vile vichwa vya kucheka hadi machozi. Hakuna aliyeshtuka. Baadaye nilijua kwamba stika ilikuwa imezunguka wiki nzima kabla ya hapo, Kitui mjini, mji wa Wote, hadi Nairobi, na kwamba katika watu wote wanaonijua, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujiona.

Lazima nieleze siku ambayo picha ile ilichukuliwa, maana bila hiyo hakuna cha kueleza.

Nilikuwa na kaka mmoja, mkubwa wangu kwa miaka minne. Aliishi Makindu, akiziba pancha za malori kando ya barabara ya Mombasa. Zamani sana tairi la lori lilimlipukia akilijaza upepo. Sikio la kushoto likafa kabisa, la kulia likabaki na nusu ya kazi yake. Tangu hapo kuzungumza naye kulikuwa kupiga kelele. Alinipigia kila Jumapili baada ya ibada, na kabla ya salamu nilikuwa nikipaza sauti kwa Kikamba chetu, "Unanisikia?" Naye angejibu kwa utulivu, "Nakusikia. Punguza, majirani watadhani tunagombana." Halafu angeniuliza nimekula nini. Majirani zangu walijua mambo yetu yote. Walijua kama ndengu zake zimetoa maua, walijua mbuzi gani ameharibu mimba. Walikuwa wanasikia upande wangu tu wa mazungumzo, lakini upande wangu ulitosha.

Figo zilimuua, polepole, wakati wa kiangazi. Tulimzika nyumbani kwake, nyuma ya Makindu, kwenye ardhi ngumu iliyowachosha wachimbaji watatu. Mkewe, wifi yangu, alikuwa ameajiri mpiga video mwenye studio mjini ili mazishi yaonyeshwe mtandaoni moja kwa moja, kwa kuwa watoto wao wawili wako kazini Uarabuni na hawakupata ruhusa ya kuja. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mama anataka watoto waone baba yao akipumzishwa.

Jeneza lilipoanza kushuka, miguu yangu ilinipeleka upande wa sikio lake la kulia. Ninajua kwamba maiti haina sikio zuri na sikio bovu. Miguu haikujua. Nikainama, nikamwita kama nilivyokuwa nikimwita kila Jumapili, "Unanisikia?" Nikangoja. Nikaita tena kwa nguvu zaidi, maana hakujibu. Hicho ndicho mdomo wangu ulikuwa ukifanya. Mtu mmoja aliyekuwa akitazama, sijui nani wala wapi, akasimamisha picha hapo hapo, akaukata uso wangu kwenye kaburi la ndugu yangu, akaubandika maneno ya manjano. Watu wakaanza kuutumia timu zao zikifungwa, bei ya unga ikipanda, umeme ukipotea.

Stika haina sauti. Asiyekuwapo hawezi kujua kwamba lilikuwa swali.

Jumanne ile niliandika kwenye grupu, polepole kwa kidole kimoja: "Huyu ni mimi nikimzika kaka yangu. Naomba msiitumie tena." Kisha mmoja akatuma mikono ya maombi. Mwingine akaandika, "Pole mama, ni mzaha tu, usiweke moyoni." Mwingine, mwanamume anayefundisha shule ya Jumapili, akaandika kwamba angalau nimekuwa maarufu, wengine wanatafuta umaarufu hadi wanavua nguo. Wakacheka. Mchana huohuo mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye mambo mengine na ombi langu lilikuwa limepanda juu kusikoonekana.

Nilimpigia binti yangu aliyeko Mombasa. Yeye ndiye aliyeninunulia simu ile baada ya baba yake kufariki, akiniambia, "Sasa hutakuwa mpweke, mama. Dunia yote iko humo." Na mwanzoni nilimwamini. Niliingizwa kwenye grupu la kanisa, la kwaya, la chama cha akina mama, la ukoo, la mafundi cherehani wa kata. Kila asubuhi nilikuwa na salamu mia moja. Ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba tangu salamu hizo zianze, hodi mlangoni kwangu zimeisha. Mwanamke niliyekuwa nikibadilishana naye mbegu akaniambia tulipokutana kisimani, "Si tulionana jana kwa grupu?" Hatukuwa tumeonana. Alikuwa ametuma picha ya ua.

Binti yangu alisikiliza habari ya stika hadi mwisho. "Mama, nilikuwa nimeiona," akasema.

"Ukanyamaza?"

"Nilitumaini hutaiona. Watu husahau haraka, mama. Baada ya mwezi watakuwa na nyingine."

"Wewe uliituma?"

"Hapana. Lakini nilipotumiwa sikusema ni wewe."

Sikumgombeza. Nilikata simu, nikatoka kwenye magrupu yote, moja baada ya jingine, nikiwa nimesimama palepale kibandani na mkasi mkononi. Kila mara simu iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika mara tano.

Nisidanganye kwamba nilijisikia huru. Wiki za kwanza nilijisikia kama mtu aliyehamia nchi nyingine bila kuondoka nyumbani. Mkutano wa kamati ya maji ulifanyika mita mia mbili kutoka kwangu nisijue, na mazoezi ya kwaya yakahamishwa siku nami sikuambiwa. Mzazi mmoja aliyezoea kunitumia vipimo vya watoto kwa simu akahamia kwa fundi mwingine. Mwenye duka la mbegu aliniuliza kama nimekosana na watu, maana ameona jina langu "limeondoka". Alisema hivyo kwa huruma, kama mtu anayezungumzia ugonjwa.

Halafu ikaja Jumapili ya sare.

Kwaya yetu ilikuwa na sare ya kijani niliyoishona mwenyewe, yote, vipande ishirini na sita. Jumapili hiyo nilifika kanisani nikiwa nimeipiga pasi vizuri. Nikaingia chumba cha nyuma tunakojipangia, na wote walikuwa wamevaa zambarau. Sketi mpya, blauzi mpya, tai ndogo shingoni. Wakanitazama. Nikajitazama. Nilikuwa kama mgomba katikati ya matofali.

Kiongozi wa kwaya, mwanamke wa rika langu ambaye tulibatizwa siku moja, akaja haraka. "Mwaitu, mama yangu, tulituma kwa grupu," akasema. "Vipimo, rangi, fundi, kila kitu kilikuwa huko."

"Nilitoka kwenye grupu. Mliona."

"Ndiyo, sasa tungefanyaje?"

"Nyumba yangu iko wapi?" nikamwuliza.

"Unauliza nini sasa? Ninaijua."

"Kibanda changu kiko wapi?"

Kutoka mlango wa kanisa ukisimama vizuri unakiona kibanda changu.

"Labda leo ukae na waumini," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu anarekodi. Rangi zitagongana."

Nadhani mpaka hapo ningekubali kukaa nyuma. Mimi si mtu wa fujo. Lakini aliposema kuna mtu anarekodi, kitu fulani kifuani kilisimama wima. Nikamwambia, "Nitaimba. Sauti ya tatu ina watu watatu tu, na mmoja ana mafua. Anayerekodi ageuze kamera akitaka." Nikachukua mahali pangu katika safu ya pili na nikaimba nyimbo zote tatu nikiwa kijani. Sauti yangu ilitetemeka wimbo wa kwanza. Wa pili haikutetemeka. Baada ya ibada wanawake wawili walinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida. Yule wa sauti ya kwanza, aliyetuma stika, alipita upande mwingine wa uwanja.

Nilimfuata. Nilimkuta akifungua baiskeli yake penye ua.

"Ulipoituma ile stika kwenye grupu, ulijua ni mimi?" nikamwuliza.

"Nilijua. Nilidhani na wewe unajua. Kila mtu alikuwa akituma, nikadhani umekubali." Alikuwa akizungusha ufunguo vidoleni. "Kusema kweli sikufikiria. Ilikuja nami nikaipitisha."

"Ulikuwa kwenye mazishi yale?"

"Sikuweza kuja. Nilitazama video kwa simu kesho yake."

"Ulinisikia nikisema nini?"

Akafikiri. "Hakukuwa na sauti yako. Kulikuwa na muziki."

Hilo sikuwa nikilijua. Nilikuwa sijawahi kuitazama ile video. Usiku wa Jumapili hiyo niliamua, na Jumatatu asubuhi nikafunga kibanda, nikaweka nguo mbili kwenye mfuko pamoja na sare za shule ambazo zilikuwa zimebaki kupindwa mapindo, nikasafiri hadi Makindu.

Wifi yangu alinipokea vizuri, lakini nilipomweleza nilichojia, alikunja uso. "Ile video ndiyo kitu pekee watoto walichonacho cha siku ile," akasema. "Wanaitazama. Mdogo ananiambia huitazama kila Ijumaa."

"Sitaki waikose. Nataka wengine wote waikose."

Alikaa akichagua mbaazi kwenye ungo kwa muda mrefu. "Fanya utakavyo," akasema mwishowe. "Lakini mimi siendi huko. Yule kijana alinisaidia siku ambayo sikuwa na uwezo hata wa kusimama."

Studio ya yule mpiga video iko si mbali na hekalu la Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba. Ni chumba kimoja chenye pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, kompyuta, na benchi ya wateja kusubiri. Mwenyewe ni mwanamume wa kama miaka thelathini na tano, mpole, mwenye ndevu alizozitunza. Alinitambua mara nilipoingia. Niliona alivyotazama sakafu.

"Mimi sikukata ile picha, mama," akasema kabla sijaketi. "Naapa. Mimi nilirusha mazishi tu."

"Nakuamini. Nimekuja uiondoe video."

"Haitasaidia. Stika imeshatoka. Hata nikiiondoa leo, itaendelea kuzunguka. Mtandao hauna mahali pa kwenda kushtaki."

"Najua. Sikuja kwa sababu ya stika. Nimekuja kwa sababu ya kile kilicho chako."

Akaeleza kwa heshima kwamba video hiyo imetazamwa na watu wengi kuliko kazi zake zote, kwamba wateja wapya humpata kupitia hiyo, kwamba kuiondoa ni kama kubomoa kibao cha duka. Nikamsikiliza. Alipomaliza nikamwambia nimeelewa, nikaenda kuketi kwenye benchi, nikatoa sare na sindano.

"Unasubiri nini, mama?"

"Uiondoe."

Nilikaa siku mbili na nusu. Sikumtukana, sikuinua sauti. Wateja walipoingia niliwasalimu na kuwasogezea nafasi. Wengine walinitazama, wakatazama simu zao, wakanitazama tena. Mtu akiuliza, "Si wewe ndiye yule wa..." nilisema ndiyo, na nikamweleza: nilikuwa nikimzika kaka yangu aliyeziba pancha hapo juu barabarani, sikio lake lilikuwa bovu, nilikuwa nikimwuliza kama ananisikia. Nilieleza kwa maneno yaleyale kila mara huku nikipinda mapindo. Wengi wa watu wa Makindu walikuwa wamewahi kupeleka magari kwake. "Yule mzee kiziwi?" mmoja alisema. "Alinizibia tairi nikiwa sina kitu mfukoni." Mchana nilijifunika kichwa nikaenda hekaluni, ambako wasafiri hupewa chakula bila kuulizwa wametoka wapi, nikala chapati na dengu, nikarudi kwenye benchi yangu.

Siku ya tatu asubuhi aliingia mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu wa kutoka kaskazini mashariki, ambaye hununua mbuzi Kyuso na kuwapeleka mnadani. Alitaka picha ya kitambulisho. Alipoketi mbele ya pazia alinitazama hivi, akatabasamu bila kutaka, kisha akaona aibu.

"Unayo," nikamwambia.

"Ninayo, mama. Mimi na ndugu zangu hutumiana bei ya mbuzi ikianguka."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza wengine. Alisikiliza hadi mwisho, akasema maneno ya kwao ya kumwombea maiti, polepole. Kisha akatoa simu, akasogea karibu nami, akaifuta nikiona. "Mama, nisamehe. Mimi nilidhani ni mwigizaji," akasema. "Nilidhani ni mtu wa filamu za Nigeria." Akamgeukia mwenye studio aliyekuwa ameshika kamera. "Na wewe unamkalisha mama hapa kwa sababu gani?"

Mwenye studio alimpiga picha yake, akamchapia, akamuaga. Halafu akageuza kiti chake cha ofisini. "Mama, njoo uitazame kwanza," akasema. "Usiseme nimefuta kitu ambacho hujakiona."

Niliitazama kwenye kompyuta yake. Juu ya kila kitu kulikuwa na muziki wa kinanda. Tulipofika pale nilipoinama, nikamwomba aondoe muziki. Alisema asili anayo, akatafuta, akaifungua. Nikasikia upepo. Nikasikia kamba zikisugua mbao. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza, na kimya, na ikiuliza tena.

Yule mwanamume alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikuwahi kuisikiliza," akasema. "Nilipofika nyumbani niliweka tu muziki. Huwa naweka muziki kwa mazishi yote." Akasogeza kiti chake karibu nami. "Mama yangu naye humwita marehemu baba hivyo, kwa kumwuliza. Hapo shambani, akiwa peke yake."

Aliiondoa mbele yangu. Ile ya asili, yenye upepo na kamba, aliitia kwenye flashi nimpelekee wifi yangu, naye awapelekee watoto kwa njia yake. Jioni hiyo wifi yangu aliisikiliza mara moja, akaifunga, akaja kuketi nami nje kwenye kuni. Tulimzungumzia kaka yangu hadi mbuzi wakalala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Miezi yote hiyo tulikuwa tukitumiana mikono ya maombi.

Nilirudi Matinyani na sikurudi kwenye grupu lolote. Kiongozi wa kwaya alikuja kibandani wiki iliyofuata, akihema, akalalamika kwamba jua ni kali na kwamba ninawasumbua watu wazima kwa ukaidi wangu. Nikampa maji. Akaniambia ratiba ya mwezi mzima, nikaiandika kwa penseli ukutani, na akakaa saa nzima akinieleza habari za goti lake, ambazo kwenye grupu hakuwahi kuzitaja. Sasa huja kila wiki. Bado hulalamika. Mwanamke mwingine wa kwaya alinijia kunong'ona kwamba simu yake iliharibika tangu mwaka jana na amekuwa akijifanya yuko grupuni kwa kuona aibu. Naye huja kusoma ukuta. Wateja niliowapoteza wengi wao hawajarudi, na mwalimu wa shule ya Jumapili huniita "mama analogi" akidhani sisikii. Nasikia. Na aniite.

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia, amefurahi. "Mama, yako imezeeka. Hakuna anayeituma tena. Siku hizi kuna ya mzee anayeanguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda. Inachekesha, mama, ungeiona."

"Mzee huyo ni nani?" nikamwuliza.

"Sijui. Mzee tu."

"Aliumia?"

Nilisikia magari ya Mombasa yakipita.

"Sijui, mama."

"Basi uliza aliyekutumia. Naye amwulize aliyemtumia. Mtafute mpaka mpate, kisha uniambie kama aliumia."

"Mama, hiyo haiwezekani."

"Mimi nilikaa kwenye benchi Makindu siku mbili na nusu," nikamwambia. "Uliza."

Wiki hii ameniambia wamefika hadi mtu mmoja wa Kibwezi, ambaye anadhani mzee ni wa upande wa Mtito Andei, na kwamba mguu ulivunjika. Ameomba namba ya jirani wa mzee huyo. Nimemwambia akiipata asitume ujumbe. Apige.